Mgomba Uliozikwa Badala ya Wekesa

Mwanangu Njoki, kuna alasiri moja ya Julai ambayo haijawahi kuniondoka, na tangu uliponiambia umepata kazi ya kuhoji vijana waliotoka jela, inanirudia kila nikifumba macho. Keti hapa. Simu iweke kwa meza, kifudifudi. Najua unasema moyoni, cucu, nyanya yangu, ameanza tena. Ndiyo, nimeanza, na leo utanisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu kazi hiyo mimi niliifanya nikiwa na umri wako, na bado mikono inanipata baridi nikiikumbuka.

Nilikuwa nimetoka chuo juzijuzi, kichwa kimejaa maneno makubwa. Daktari mmoja wa chuo kile, mama mpole asiyeinua sauti, alikuwa akitafuta jibu la jambo moja. Alitaka kujua ni nini kinachomfanya mtu aibe, na ni kwa nini mmoja akifungwa hutoka akaacha kabisa, na mwingine hutoka leo na kabla hujamzoea amerudi ndani. Alinipa kinasa sauti cha kaseti na majina ya vijana waliokuwa wamefunguliwa wakarudi pande za Kawangware na Dagoretti. Mimi nilipaswa kuwatafuta, niwakalishe chini, niwaulize. Ulianza kuiba lini? Baba alikuwa mlevi? Mlilala njaa? Nani alikuonyesha? Maswali yote nilikuwa nayo kichwani, na nilijiona mtu wa maana sana.

Jina moja lilikuwa la kijana aitwaye Isaka, na mahali alipokuwa akikaa palikuwa Kabiria, katika ploti ya shangazi yangu mwenyewe, Tata Nyokabi. Nilifurahi. Nilijua hata nikikosa Isaka nitapata chapati.

Ilikuwa ile baridi ya Julai unayoijua, ukungu umeshuka tangu asubuhi na haujapanda hata saa kumi jioni. Ploti ya Tata ilikuwa vyumba vya mabati vimezunguka uwanja mmoja wa simiti, na mfereji wa maji ulikuwa nje, mbali kidogo, ukivuka barabara. Mle uwanjani palikuwa na desturi moja nzuri. Saa kumi, mama mmoja aliyetoka Bungoma, wakimwita Mama Rosa, aliweka sufuria kubwa ya chai ya maziwa, na kila mtu aliyekuwa nyumbani alitoka na kigoda chake na kikombe chake. Rosa, binti yake, alikuwa akifanya kazi ya nyumbani kwa matajiri fulani mtaa wa Spring Valley, na mtoto wake mchanga alishinda mgongoni kwa nyanya yake.

Nilisalimia, nikasema namtafuta Isaka. Wanawake wakatazamana.

"Hapa hakuna Isaka," Mama Rosa akasema.

"Ni mimi," mtu akasema.

Alikuwa ameketi kando ya ukuta, kwa kigoda kifupi, na haki ya Mungu, Njoki, sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimeutazama ule ukuta nikaona ukuta. Kijana mrefu, mwembamba, koti la kijivu, mikono ameiweka magotini. Nikamwendea nikampa mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, lakini siku ile mikono ya kila mtu ilikuwa ya baridi, nikajiambia.

Nikavuta kigoda, nikawasha kinasa sauti, nikaanza maswali yangu. Alijibu yote kwa adabu, kwa sauti ya chini. Aliacha shule darasa la saba. Alibeba nyama huko machinjioni Dagoretti, halafu kazi ikaisha. Marafiki wakampeleka usiku mmoja mahali, akabaki nje kuangalia askari. Baadaye hakubaki nje tena. Nikawa natikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Marafiki wabaya, umaskini, shule. Kila kitu kilikuwa kinaingia mahali pake vizuri.

Halafu chai ikaja. Mama Rosa alizunguka na sufuria akimwaga, kikombe kwa kikombe. Alinimwagia mimi. Kijana akainua kikombe chake. Mama Rosa akampita. Hakumkwepa, sikiliza vizuri, hakugeuza uso kama mtu mwenye hasira. Alipita pale kama unavyopita mahali palipo wazi, akaenda kumwagia jirani. Kijana akashusha kikombe polepole, akakiweka chini, na sikuona mtu hata mmoja akishangaa.

Nikasema, "Mama, umemsahau huyu."

"Nani?"

"Huyu hapa."

Mama Rosa akatazama pale nilipoonyesha, akatazama kabisa, macho yakapita juu ya kifua cha yule kijana. Akaniambia kwa upole, kama unavyomwambia mtoto, "Binti, hapo hakuna mtu."

Mama mwingine aliyekuwa akifua akamwaga maji ya sabuni, yakateremka mpaka miguuni kwa kijana, naye akainua viatu vyake bila kusema lolote, kama mtu aliyezoea. Mama Rosa alirudi kwa jiko akiwa anamtikisa mtoto mgongoni, maana alikuwa na kikohozi kibaya, akaanza kumbembeleza. "Lala Wekesa, lala Wekesa wangu, lala baba." Kila alipotaja lile jina, kijana wangu aliinua kichwa, halafu akakiinamisha tena.

Nilipotaka kuaga nikampa Mama Rosa mkono. Akaurudisha wake nyuma. Akachota maji kwa kikombe, akanimwagia viganja vyote viwili, akangoja vikauke, ndipo akanipa mkono.

Wakati huo mtu akapiga mluzi langoni. Kijana mmoja mwenye koti la ngozi, ambaye baadaye nilijua anaitwa Toni, alikuwa ameegemea gari dogo jeupe, anacheka. "Wekesa! Niaje mzee? Si ukuje tuongee!"

Na yule aliyejiita Isaka akainuka mbio, uso wake wote ukiwa umewaka. Siku nzima ile sikuwa nimeona uso wake ukiwa hivyo.

Jioni ile nyumbani nikaweka kaseti nisikilize. Nilisikia sauti yangu ikiuliza, halafu mchakacho wa kaseti, halafu sauti yangu tena ikisema "aha, naelewa", halafu mchakacho. Nilirudisha, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Mimi peke yangu, naongea, nanyamaza, naongea. Daktari aliniambia baadaye kwamba nilikielekeza kile chombo upande wangu. Labda. Lakini mlio wa vikombe ulisikika, na kikohozi cha mtoto kilisikika pia.

Kesho yake nikamkimbilia Tata Nyokabi. Wewe hukumjua, alikufa kabla hujazaliwa. Alikuwa mfupi, mnene, mkali, na alipokukaripia ulitamani ardhi ifunguke. Nilimkuta akichambua maharagwe. Nikamweleza yote, hata kaseti. Akaendelea kuchambua.

"Jina lake si Isaka," akasema. "Ni Wekesa. Ni mtoto wa Mama Rosa."

"Mtoto wake wa kumzaa?"

"Wa tumbo. Polisi walipomshika alitoa jina la uongo, mjinga yule, ati mama asione aibu kanisani. Akafungwa kama Isaka. Siku hiyohiyo wenzake wawili walichomwa na watu hapo Kawangware, wakawa makaa, hakuna aliyewatambua. Mama Rosa alizunguka vituo vyote akiuliza Wekesa. Nani angemwambia, na wao wana Isaka? Akaenda mochari zote. Miaka ikapita. Mwishowe watu wa kwao wakasema kijana asiachwe akitangatanga bila kaburi. Sasa kule kwao, mwili ukikosekana, huzikwa mgomba. Wanaukata, wanaufunga shuka, wanaulaza ndani ya jeneza, wanalia, wanaimba, wanazika. Mimi nilikwenda na basi la matanga. Nilitupa udongo mwenyewe."

Tata akapuliza makapi.

"Na Rosa alipozaa mvulana, wakampa jina la marehemu, kama inavyofanywa. Halafu asubuhi moja marehemu akaingia hapo langoni na mfuko wa plastiki. Mama yake akaanguka. Alipoamka, alikuwa ameamua hajaona kitu. Na wengine wote wakaamua naye, hata wale wasio wa kwao, kwa woga."

"Lakini Tata, si aambiwe tu! Si ni mwanawe, yuko hai, anapumua!"

Hapo ndipo akaniinulia macho, na maneno aliyoniambia ndiyo nimekuitia, mwanangu. "Wee Wairimu, na hiyo digrii yako. Umekaa na maiti saa nzima ukimuuliza mbona aliiba akiwa hai. Hiyo inamsaidia nini sasa? Ungemuuliza leo ni nani amemwita jina lake. Ungesikia jibu moja tu, na ungejua anakoenda."

Niliona haya, na sitaki kukuficha, nilimkasirikia. Lakini nilirudi uwanjani.

Nilianza kuangalia. Mitungi ya Mama Rosa ilikuwa imepangwa mlangoni, yote imejaa mpaka juu, na Mama Rosa ana mguu mbovu, hawezi kuvuka barabara na mtungi. Nikamwuliza nani humletea maji. "Mungu," akasema, na wala hakuwa anafanya mzaha. Ua ulikuwa umefagiliwa. Kamba ya nguo iliyokuwa imekatika ilikuwa imefungwa. Vitu vilifanyika tu mle ndani, na watu wakavitumia, na hakuna aliyeuliza.

Nikamsubiri Mama Rosa awe peke yake chumbani. Nikamwambia polepole kwamba namjua Wekesa, na kwamba ni mzima, nimemshika mkono.

Alifunga mlango. Akavuta leso ikamfunika mtoto vizuri. Kwa muda mrefu niliona midomo yake ikitikisika bila sauti, nikajua anaomba.

"Nilimzika," akasema. "Mkono huu ulitupa udongo. Nililia mpaka sauti ikaisha, binti. Mtu analia hivyo mara moja." Halafu akanisogelea. "Na nitakuambia kitu ambacho sijamwambia hata Rosa. Mwaka uliofuata nilienda nyumbani kusafisha kaburi. Mgomba ulikuwa umechipuka. Ulitoka katikati ya kaburi, pale kwenye kifua, majani makubwa, mazuri kuliko yote shambani. Wakaniambia vijana waliuzika na shina lake na mizizi, ndiyo sababu. Mimi nilikimbia, nikapanda basi siku hiyohiyo. Na sasa kuna kitu kimekuja mlangoni kwangu na sura ya mtoto wangu. Kimetoka wapi?"

"Kimetoka jela, mama."

"Wewe umesema." Akampapasa mtoto aliyekuwa akikohoa. "Huyu alianza kukohoa siku ile kile kilipokuja. Jina ni moja. Nikimwita yule, nani ataitika? Na nani atanyamaza? Nilizika Wekesa mmoja, sitazika wa pili."

Mwanangu, usicheke. Unaweza kusoma vitabu vyote na bado ukaketi mbele ya mama aliyeshika mjukuu anayekohoa, ukakosa neno. Niliangalia ule mlango uliofungwa na nikaogopa, mimi Mkikuyu wa Dagoretti nisiyejua habari za migomba, niliogopa kwamba ukifunguliwa nitamkuta amesimama pale nje, anangoja.

Nilipotoka, alikuwa amesimama pale nje, anangoja.

"Usiogope," akaniambia. "Nimezoea kuogopwa."

Tukaenda tukakaa karibu na mfereji. Kinasa sauti sikukiwasha. Nikafanya kama Tata alivyosema. "Wekesa, leo ni nani amekuita jina lako?"

Alishtuka kama nimempiga kofi. Akafikiri. "Wewe," akasema. "Na Toni." Halafu maneno yakaanza kutoka yenyewe. "Unajua, kuna siku nilijiuliza kama ni kweli. Labda nilichomwa pale Kawangware na sijui. Nikaenda nikajiangalia kwa kioo cha gari. Jela nilikuwa na jina la uongo lakini liliitwa, asubuhi na jioni, na mtu anaitika. Hapa nakaa hata wiki. Toni akipiga mluzi, nasikia mwili unarudi."

"Toni anataka nini?"

"Ijumaa. Nyumba fulani Spring Valley. Wenyewe wamesafiri."

"Nyumba gani?"

Hakutaka kusema, na kwa kutosema kwake nikajua. Ilikuwa nyumba anayofanya kazi Rosa. Toni hakuwa akimtaka Wekesa kwa mapenzi. Alitaka mtu ambaye dada yake ana funguo.

"Wekesa! Watamshika Rosa! Watasema ni yeye amewafungulia!"

"Rosa ananipita kama hewa," akasema. Hakusema kwa chuki, na hilo ndilo lililonitia baridi. "Mimi sijataka kwenda, dada. Naapa sitaki. Lakini mtu akikaa sana mahali hakuna mtu anamwona, anaenda tu mahali anaonwa. Hata kama ni mahali pabaya."

Nilikimbia kwa Mama Rosa. Nikagonga, nikamwambia kupitia mlangoni, Mama, Ijumaa mwanao anaenda kuiba, na Rosa ataingia matatani. Jibu lilikuja polepole, kutoka ndani ya giza la kile chumba. "Maiti haiibi, binti."

Nikaenda kwa Tata nikilia machozi ya kweli. Nilitaka tuwaite polisi. Tata akasema polisi wakija watamrudisha Isaka jela, na Wekesa hatakuwa amepatikana. "Hilo jina ni la mama yake," akasema. "Mimi nikiliita ni kelele tu. Ngoja Ijumaa. Mimi na wewe tutakaa pale uwanjani, na tutaona."

Ijumaa ukungu ulikuwa mzito zaidi. Tulikaa na vigoda vyetu kabla ya saa kumi. Wanawake walikuja mmojammoja, hawaongei sana. Wekesa alikuwa kwa ukuta wake, amevaa lile koti la kijivu na viatu amevifunga kamba mpya. Nilimsalimia kwa jina, kwa sauti kubwa, kila mtu asikie. Aliitika kwa kichwa tu. Tayari alikuwa ameshaenda, macho yake yalikuwa langoni.

Mluzi ulikuja mapema. Lile gari jeupe lilikuwa limesimama nje, mlango mmoja uko wazi. "Wekesa! Twende basi!"

Akasimama. Akapita katikati ya uwanja, kati ya vigoda, na wanawake wakavuta miguu yao nyuma bila kumtazama, kama unavyovuta mguu upepo ukivuma. Nikamshika Tata mkono. Tata akanifinya ninyamaze. Mtoto mgongoni kwa Mama Rosa akakohoa, akakohoa tena, na Wekesa akapunguza hatua kidogo, halafu akaendelea.

Mama Rosa alikuwa jikoni kwake, amewasha jiko, sufuria iko tayari. Akainama kuchukua mtungi wa maji. Akauinua kwa nguvu, kama anavyouinua kila siku, na mkono ukapaa juu. Mtungi ulikuwa mtupu. Akauweka, akashika wa pili. Mtupu. Wa tatu. Alisimama pale ameshika ule mtungi mwepesi kifuani, na niliona uso wake ukibadilika, sijui niseme vipi, kama mtu anayeamshwa na kitu kuanguka. Akatazama mitungi. Akatazama lango. Mgongo wa koti la kijivu ulikuwa umefika kwenye ukungu.

"Wekesa!"

Uwanja mzima ulikufa ganzi. Nyanya yule yule, sauti ile ile ya kubembelezea mtoto, lakini sasa ilikuwa kali, ilikuwa sauti ya kugombeza.

"Wee Wekesa! Unaenda wapi na maji hujaleta? Nitapikia watu chai na nini, mate?"

Mama Rosa aliupeleka mkono nyuma akamshika mtoto, akamshika sana, na akangoja. Najua alichokuwa akingoja. Sote tulikingoja naye. Mtoto alinyamaza kimya kabisa, na ule ukimya ulikuwa mrefu, Njoki, ulikuwa mrefu mno. Kisha akapiga chafya.

Langoni, Wekesa alikuwa amesimama. Toni akapiga honi, akaita jina lake mara ya pili, mara ya tatu. Wekesa akageuka, lakini kuelekea kwetu, na uso wake ulikuwa umelowa maji.

"Nakuja, mama," akasema. "Nakuja kuchukua mtungi."

Akarudi akapita mle mle kati ya vigoda. Mama mmoja akamwambia, "Pole, nimekuzibia njia." Akachukua mitungi miwili, akavuka barabara mbele ya gari la Toni bila kuliangalia, akaenda kufungua mfereji. Tulisikia maji yakianza kujaa. Tata Nyokabi akaachia mkono wangu, nikaona ameniachia alama za kucha.

Chai ya siku ile ilichelewa mpaka giza likakaribia. Mama Rosa alizunguka na sufuria. Alipofika kwa Wekesa chai ikamwagika nusu nje, lakini aliimimina. Alimwangalia mpaka akanywa yote. Nadhani alitaka kuona kama itapita ndani ya koo.

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Ilibidi wazee wa kwao waite watu, wachinje kondoo, wafanye yote wanayofanya ili mtu aliyezikwa aingie tena nyumbani. Mtoto alipewa jina lingine kanisani, na kikohozi kiliisha, kama vile vikohozi vya Julai huisha. Rosa alikaa muda mrefu bila kumzoea. Wekesa mwenyewe alikuwa akitoka kazini, kule alikopata kazi ya kuchomelea milango, akija kusimama mahali watu watamwona, halafu anarudi. Lakini hakurudi jela. Toni alirudi. Nilimhoji baadaye, na nilipomwuliza ni nani aliyemwita jina lake alipotoka mara ya mwisho, alicheka, halafu akaacha kucheka.

Ule mgomba bado uko. Hakuna aliyethubutu kuukata hata wazee walipofukua kaburi pembeni yake. Unazaa kila mwaka, na ndizi zake zinaozea juu.

Basi sikiliza, mwanangu, hili ndilo nililokuitia. Kesho utakwenda na maswali yako, na ni maswali mazuri, uyaulize. Uliza habari za shule, njaa, pombe, marafiki. Watakujibu "marafiki wabaya", wote, na utaandika marafiki wabaya, na aliyekutuma atafurahi. Lakini usiinuke hapo. Uliza kwa nini hao wabaya ndio peke yao waliobaki kumwita. Wizi wa kwanza umeshapita, huwezi kuubadilisha. Wa pili bado haujafanyika, uko njiani, umesimama langoni unapiga mluzi, na huo ndio unaoweza kuzuiliwa. Hauzuiliwi na ukuta mrefu tu. Unazuiliwa na mtu mmoja wa nyumbani mwenye ujasiri wa kumgombeza kama mtu aliye hai. Na ukikuta nyumba ambayo imeshamzika aliye hai, usiwacheke na usiwakemee, kwa maana wanaogopa, na woga wao una sababu zake. Kaa nao. Kunywa chai yao. Tafuta ni mtungi gani mle ndani anaoujaza yeye na hakuna anayeuona, kisha uwaonyeshe.

Na wewe mwenyewe ukimwona mtu kama ukuta, angalia mara ya pili.

Sasa niletee kichwa chako hapa. Mungu akutangulie kwenye kila lango utakalobisha. Akupe macho ya kuona aliyeketi kando, na ulimi wa kumwita vizuri. Usikose mtu wa kukuita kwa jina lako mpaka siku ya mwisho, na yeyote utakayemwita, aitike. Haya, nenda ukajaze maji, Njoki, mitungi ya jikoni ni mitupu.